MAONI YETU: MSITU SI WA WANASIASA PEKE YAO



Kila uchaguzi unapokaribia, na kila bei ya mbao inapopanda, maneno ya msitu wa Mau huanza upya. Huyu husimama jukwaani akasema msitu ufungwe, na yule akasema ufunguliwe. Sisi wachuma chai wa Boito twasikiliza kwa mbali, kana kwamba ni ugomvi wa nyumba ya jirani. Hilo ni kosa letu, maana msitu ule ndio kazi yetu.

Hesabu yake si ngumu. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Kilo hutoka katika chipukizi, na chipukizi hutoka katika mvua. Chai yataka mvua isiyopungua milimita 1,200 hivi kwa mwaka, tena iliyogawanyika vizuri katika miezi, si ya kumwagika kwa siku chache na kukoma. Mau ya Kusini Magharibi ndiyo jirani yetu anayetutunzia unyevu na ubaridi huo. Kiangazi kikizidi, kikapu hufika mizani kikiwa chepesi, na mwisho wa mwezi mshahara nao huwa mwepesi. Mito ya Itare na Kipsonoi yatoka huko huko, ikaingia Sondu, na maji hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu kabla ya kufika Ziwa Viktoria.

Sasa tukumbuke yaliyotendwa. Mwaka 1999 ukataji ulipopigwa marufuku, kampuni chache kubwa ziliachiwa ziendelee. Mwaka 2001, uchaguzi ukiwa mwaka mmoja mbele, Serikali iliondoa hekta zipatazo 67,000 katika misitu ya nchi, na karibu hekta 23,000 kati ya hizo zilikuwa za Mau ya Kusini Magharibi. Mwaka 2009 wakaaji wakaanza kutolewa, na akina mama na watoto wakalala kambini kwenye baridi. Walioandika hati za kugawa ardhi ile hawakulala kambini.

Mwezi wa Februari 2018 ukaja ufungaji mwingine, wa siku 90, ukaongezwa tena na tena. Kikosi cha uchunguzi kilichoongozwa na Bibi Marion Wakanyi Kamau kilitoa ripoti mwaka huo huo, na ripoti ikainyoshea kidole hata idara ya misitu yenyewe. Kisha tarehe 2 Julai 2023 Rais Ruto akatangaza huko Molo kwamba miti iliyokomaa ikatwe, isiozee msituni wakati vijana hawana kazi. Chama cha Mawakili kikaenda kortini, na korti ikasimamisha agizo hilo kwa muda.

Katika mabishano hayo yote, jambo moja huchanganywa, na wengine hulichanganya kwa makusudi. Miti iko ya namna mbili. Kuna saipresi, paini na mikaratusi, iliyopandwa kwa mikono ya watu ili ikatwe. Hiyo ni shamba kama shamba la chai. Na kuna saptet na tendwet, ambayo hakuna aliyeipanda, na ambayo mwanadamu hawezi kuirudisha katika maisha yake. Atakayekata saipresi leo na kupanda nyingine kesho hakuharibu kitu. Atakayekata saptet la miaka mia mbili amekula mbegu ya wajukuu.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema msitu wote ufungwe. Ndugu zetu wa viwanda vya mbao vya Elburgon na Molo walipoteza kazi tangu 2018, na njaa yao ni njaa ya mfanyakazi kama yetu. Wala hatukubaliani na wanaosema ufunguliwe kwa neno la jukwaani, maana kibali cha saipresi ni mlango, na usiku saptet hupita katika mlango huo huo.

Nasi tusijifanye watakatifu. Mahali pengi tunapochuma leo palikuwa msitu kabla ya chai. Hata ukanda wa chai wa Nyayo, ulioanzishwa 1986 uwe ua wa kulinda msitu, ulifyekewa nafasi ndani ya msitu ule ule. Na makaa yanayochomwa humo usiku huishia katika jiko la nani? Mara nyingi ni letu.

Yatupasa basi kusimamia mambo haya:

1. Msitu wa asili usiguswe na shoka wala msumeno, kwa kibali cha mtu yeyote.

2. Miti ya kupandwa ikatwe kwa mnada wa wazi, sehemu ikijulikana na kupandwa tena, na wenye viwanda vidogo wapate haki sawa na wakubwa.

3. Viwanda vya chai vichome kuni za mikaratusi yao wenyewe, au kuni ambazo shamba zilikotoka lajulikana.

4. Wafanyakazi wawe na kiti mezani. Sheria ya misitu ya 2016 yawapa wakaaji wa kando ya msitu nafasi ya kuungana katika vyama vyao na kushiriki katika utunzaji. Wanachama wetu wanaoishi karibu na msitu wajiandikishe, wasiwaachie wafanya biashara.

Ndugu, mwanasiasa akishindwa hapa atahamia jukwaa jingine. Mvua ikishindwa, sisi hatuna mahali pa kuhamia. Leteni maoni yenu katika mkutano wa tawi, tuseme kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu.