Tuyape Maua ya Miombo Kivuli cha Mwembe

Jirani wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Musumba ya Mwant Yav huko Kapanga, hebu tazama chini ya mwembe wa lupango yako. Pengine pamefagiwa pakawa peupe, pana kiti na ndoo basi. Naomba sehemu ya kivuli hicho, upana wa mkeka mmoja tu, uyape maua ya msitu wetu.

Miombo inakwisha. Inageuka makala, inachoma matofali, inafyekwa ili mashimo ya shaba na kobalti yapanuke. Mti ukianguka twauona; kinachokufa chini yake hatukioni, maana sehemu kubwa ya mwaka kimelala ardhini. Costus spectabilis hutandaza majani yake bapa juu ya udongo, na mvua zikishika, ua kubwa la manjano hufunguka katikati, karibu kugusa ardhi. Scadoxus multiflorus hutoa tufe jekundu la maua membamba juu ya bua moja. Na matunda ya matungulu: tuliyala utotoni, midomo ikakunjamana kwa uchachu, maua yake tukayapita tu.

Scadoxus huvumilia kivuli kizito, kwa hiyo likae karibu na shina. Costus lipate ukingo wa kivuli, jua linapopenya majani. Chimba kwa mkono, usikate mizizi ya mwembe. Majani makavu usiyachome tena. Yaache yaoze hapo hapo, ndiyo chakula cha maua. Kiangazi maua haya hunyauka na kutoweka kabisa. Hayajafa, yamelala: usiyamwagilie, weka jiwe mahali pake usije ukapapiga jembe.

Najua mama zetu wanafagia kwa kuogopa nyoka, na hofu hiyo ni ya haki. Basi kitalu kiwe kidogo, kizungushiwe matofali, kikae mbali na mlango. Scadoxus lina sumu, watoto na mbuzi wasilifikie.

Ila nakusihi, ukitafuta miche, usichimbe msitu ulio mzima. Nenda panapokaribia kufyekwa, uombe ruhusa kwa mwenye shamba au kwa chifu, uokoe kabla ya panga. Okidi za chikanda ziache zilipo: zinategemea kuvu wa udongo wao, bustanini nyingi hufa, na wachimbaji wa viazi vyake wamekwisha kuzipunguza vya kutosha. Hata maua ya shaba, ambayo wanabotania Paul Duvigneaud na Simone Denaeyer-De Smet waliyaandikia mwaka 1963, si ya kuhamishia nyumbani. Yamezoea udongo wa vilima vyenye madini. Hayo tuyatetee huko huko vilimani.

Mvua huanza mwezi wa kumi, kwa hiyo andaa kitalu mapema. Scadoxus likizaa matunda mekundu, menya nyama yake, panda mbegu zikiwa mbichi, juu juu ya udongo. Chache baki nazo. Zinazozidi mpe jirani wa ng'ambo ya ukuta, naye ana mwembe.