CHEO CHA MAKAMU NI CHA NANI?

Ndugu Wafanyakazi,

Twasikia wenzetu wa Migori na Homa Bay wakisema kuwa makamu ni mtu wa kungoja tu. Yafaa tukumbuke historia.

Kenya ilipokuwa Jamhuri, Desemba 1964, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza. Machi 1966, katika mkutano wa KANU huko Limuru, cheo chake cha makamu wa chama kilifutwa, wakawekwa makamu wanane wa mikoa. Mwezi uliofuata akajiuzulu serikalini. Joseph Murumbi aliyemfuata hakutimiza mwaka. Na tangu Januari 1998 kiti kilikaa kitupu zaidi ya mwaka, kwa sababu Rais hakuteua mtu.

Aliyetoa cheo alikuwa mmoja, naye aliweza kukitwaa. Katiba ya 2010 ilibadili jambo hilo: Naibu wa Rais huchaguliwa kwa kura pamoja na Rais, wala Rais hawezi kumfukuza. Rigathi Gachagua alipoondolewa Oktoba 2024, aliondolewa kwa kura za Bunge la Taifa na Seneti, hadharani.

Na chamani mwetu je? Mwenyekiti wa tawi akiugua siku ya mazungumzo na mwajiri, nani atasema kwa niaba yenu? Makamu wake asiteuliwe chumbani. Achaguliwe mkutanoni, na kazi zake ziandikwe. Basi njoni mkutanoni, mpige kura. Cheo ni chenu.