Mwimbaji Katika Insha Zetu



Kila tunaposahihisha insha za darasa la juu tunakutana na mwimbaji yule yule. Hamsikilizi mama yake, anakunywa pombe, na kabla ya ukurasa wa pili amekufa kwa ajali ya gari. Mwandishi huenda hajawahi kuzungumza na mwimbaji hata mmoja, ila anadhani ustadhi atafurahi.

Hatufurahi. Hukumu ya ala za muziki wanazuoni wameijadili karne nyingi, na mahali pake ni darsa la fiqhi. Kumzulia mtu aibu kwa sababu ya kazi yake ni jambo jingine. Suratul Hujurat imekataza dharau na dhana mbaya, wala haikusema isipokuwa kwa waimbaji.

Marehemu Shaaban Robert, Mwislamu mwenzetu, aliandika kitabu kizima juu ya mwimbaji: Wasifu wa Siti binti Saad, kilichotoka mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika watu maskini, akawa muuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Alipopata jina, wapo waliomtungia nyimbo za kumkejeli kwa sura yake na kwa kutoka kwake shamba. Naye akawajibu kwa wimbo. Shaaban alimsifu sana, pengine kupita kiasi kwa ladha yetu, lakini msomaji anamwona binadamu mwenye kwao, mwenye kazi na mwenye machungu. Mwimbaji wa insha zetu hana hata jina la baba.

Tena ushairi wetu wenyewe ulilelewa na sauti. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi, karibu mwaka 1858, alifuata mizani nane kwa kila kipande, na tenzi za namna hiyo husomwa kwa mahadhi. Mwanafunzi wa leo huhesabu mizani kwa vidole. Zinatimia nane, na bado kipande kinachechemea! Tukimwambia akisome kwa sauti, kama tunavyosoma kasida za Maulidi, hasemeshwi na mtu. Mwenyewe anasikia neno lililokaa vibaya na kulibadilisha. Sikio hilo ndilo analolitumia mwimbaji, na mtunzi hana budi kuwa nalo.

Kwa hiyo mwaka huu, atakayechagua kuandika juu ya mwimbaji aanzie mtaani kwake. Karibu kila mtaa una bibi aliyekuwa akiimba harusini enzi zake. Mwende kwake kwa adabu, mpige hodi, mmwamkie. Kabla ya kumwuliza habari za nyimbo, mwulizeni asubuhi ya siku ya pili alikuwa akiamkia kazi gani, na nani alimwachia watoto.