Dozi Isiyoandikwa

Mjamzito wa miezi sita hawezi kulala chali. Usiku anakohoa, pumzi inakatika, miguu imevimba. Koo lililomuuma utotoni bila kutibiwa lilimwachia ugonjwa wa moyo, na valvu moja imebana. Mimba imeongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na upenyo uliomtosha mwaka jana haumtoshi tena. Daktari anaweza kupitisha mrija kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, akajaza puto na kuipanua valvu bila kupasua kifua. Ila anahitaji eksirei ili aone mrija unakopita, na ndugu wanauliza: mtoto aliye tumboni je?

Wana haki ya kuuliza, na jibu lipo. Ulemavu wa kijusi unaotokana na mionzi haujathibitika kwa dozi iliyo chini ya milisieverti 100, kipimo cha dozi ya mionzi. Moyo ukimulikwa kwa uangalifu, miale haielekezwi tumboni. Inayofika huko ni ile inayotawanyika, nayo ni kidogo sana ikilinganishwa na kiwango hicho. Akiachwa hivyo hivyo mpaka uchungu uanze, mama anaweza kufa, na mtoto pia. Kumnyima matibabu kwa sababu ya hofu ya mionzi, kwa maoni yangu, ni kumdhuru.

Hesabu ya faida na hatari kwa mzee wa miaka 65 ambaye mshipa wa moyo wake umeziba ni nyepesi zaidi. Kuzibua mshipa humpa takriban milisieverti 15, wakati mionzi ya asili humpa binadamu wastani wa 2.4 kwa mwaka. Kwa makadirio ya kimataifa, dozi hiyo huongeza uwezekano wa saratani kwa chini ya mtu 1 kati ya 1,000, tena miaka mingi baadaye. Misuli ya moyo wake inakufa sasa hivi. Kwa mtoto mwenye tundu kwenye moyo, dozi ileile ni nzito zaidi: chembe zake zinagawanyika kwa kasi, ana miongo mingi ya kuishi, na huenda akarudi kwenye meza ya matibabu mara kadhaa.

Kinachonitia wasiwasi ni faida kugeuzwa kinga ya uzembe. Mfanyakazi wa chumba cha matibabu haya ana kikomo, wastani wa milisieverti 20 kwa mwaka, na mwaka 2011 wataalamu wa kimataifa walipendekeza kikomo cha lenzi ya jicho kishushwe kutoka 150 hadi 20. Mgonjwa hana kikomo. Ni sahihi, kwa kuwa hakuna anayejua mapema uhai wake utadai mionzi kiasi gani. Lakini hapo kinga yake inabaki kwenye mguu wa daktari juu ya pedali ya eksirei: auondoe asipotazama picha, abane miale imulike sehemu husika tu, akisogeze kipokezi cha picha karibu na kifua. Hayo hayahitaji bajeti.

Kuandika dozi nako hakuhitaji bajeti. Mitambo ya kisasa huonyesha dozi kwenye skrini, ila mara nyingi tarakimu hiyo haimfikii mgonjwa. Ngozi ikipata grei 2, kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili, huweza kuwa nyekundu. Ikipata nyingi zaidi, kidonda huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, na ndiyo sababu mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 1994. Mgonjwa aliyetibiwa Dar es Salaam atakuwa amesharudi Kigoma. Zahanati itaona baka mgongoni, itampa dawa ya fangasi, na hakuna atakayeuliza habari za moyo, kwa sababu karatasi yake inasema tu kwamba mshipa umezibuliwa.

Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hukagua vyumba na mitambo ya mionzi. Wakaguzi wakishafika, waombe pia mafaili kumi ya wagonjwa na kutazama kama dozi imeandikwa. Kadi ya kliniki ya yule mjamzito ina uzito wake, shinikizo la damu na wingi wa damu. Nafasi ya tarakimu moja zaidi ipo.