Kompyuta ya mezani au mpakato? Tupige hesabu kabla ya kutoa fedha

Anayepita Kariakoo au katikati ya jiji la Dar es Salaam kutafuta kompyuta ya nyumbani ataona jambo moja bila kuambiwa na mtu. Kompyuta mpakato ndizo zinazopangwa mbele ya duka, zikiwa zimefunguliwa na kuwashwa. Zile za mezani, ambazo mafundi wetu huziita "sipiyu", zimerundikwa nyuma au chini ya meza. Mpangilio huo unaeleza soko linapenda nini: mnunuzi wa leo anataka kitu cha kubeba.

Safu hii haina ugomvi na mwenye haja ya kubeba. Hoja yetu inamhusu yule ambaye mashine yake itakaa sebuleni au chumbani: watoto waifanyie kazi za shule, mama aandike hesabu za kikoba, na jioni kijana wa nyumba arekodi muziki. Kwa nyumba ya namna hiyo tunasema wazi kuwa mpakato ni ghali kuliko bei iliyobandikwa juu yake, na kwamba fedha ileile ikiwekwa kwenye kompyuta ya mezani hununua uwezo mkubwa zaidi wa kuzalisha.

Nasema hivyo nikiwa nimekwisha lipa ada ya somo hilo. Mwaka 2022 mimi na mdogo wangu tulichanga sh. 1,200,000/- tukanunua mpakato mwembamba, wa kupendeza, uliokwisha tumika Ulaya. Kibandiko kilisema "i7" nasi tukaona tumepata. Baada ya miezi mitatu mdogo wangu akapewa kazi ya kurekodi kwaya ya vijana ya mtaani kwetu: sauti nne, kinanda, gitaa la besi na ngoma. Kufika wimbo wa pili mashine ikawa ya moto, mlio wa feni ukawa unaingia kwenye maikrofoni, na sauti ikaanza kukatika. Tukaipeleka kwa fundi aiongezee RAM, kwani ilikuwa na GB 8 tu. Akaifungua, akatutazama, akasema: "Kaka, hii imechomelewa kwenye bodi. Haina pa kuongezea."

Kwaya ikaenda studio nyingine, na malipo ya awali tukayarudisha. Mwaka 2024 tuliuza mpakato ule kwa sh. 500,000/-. Kwa lugha ya uhasibu, huo ni uchakavu wa sh. 700,000/- katika miaka miwili, mbali na mapato ya kazi ile ambayo hayakuingia.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kununua kibandiko. Prosesa ya mashine ile ilikuwa i7-7500U, iliyotoka mwaka 2016. Ina kori mbili tu, na imepangiwa matumizi ya wati 15 ili isipate joto ndani ya boksi jembamba. Linganisha na i5-8500 ya mwaka 2018, ambayo hupatikana ndani ya sipiyu nyingi zilizotumika maofisini: ina kori sita na imepangiwa wati 65. Kwa anayesoma kibandiko, i7 ni kubwa kuliko i5. Kwa anayerekodi, ile yenye namba ndogo ndiyo yenye nguvu.

Tofauti hiyo haionekani mtu akiandika barua au akitazama filamu, na ndiyo maana wanunuzi wengi hawaigundui dukani. Muziki ndio unaoifichua. Kila sauti iliyorekodiwa, kila kinanda cha programu na kila plagini ya mwangwi huidai prosesa sehemu yake kwa wakati mmoja, tena bila kuchelewa. Mwimbaji anapojisikiliza kwenye hedifoni, sauti yake hupita kwanza kwenye kompyuta. Bafa ikiwekwa kwenye sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 6, na mwimbaji hatambui. Mashine ikilemewa, fundi hulazimika kuipandisha bafa hadi sampuli 1,024. Hapo ucheleweshaji hufika milisekunde 23 kwa hatua hiyo peke yake, na mwimbaji huanza kujisikia akiimba nyuma ya ngoma. Kinachoharibika hapo ni kazi ya mteja.

Wapo watakaosema kuwa tunalinganisha mpakato wa zamani na sipiyu mpya zaidi. Basi tuchukue mashine za kampuni moja. Apple ilipotoa Mac mini yenye chipu ya M4 mwishoni mwa mwaka 2024, bei ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 599. MacBook Air yenye chipu ya familia hiyohiyo ilipotoka Machi 2025, bei ya kuanzia ilikuwa dola 999. Zote mbili zilikuwa na RAM ya GB 16 na hifadhi ya GB 256. Tofauti ya dola 400 ni bei ya skrini, betri, kibodi na uwezo wa kubebeka. Mwenye kuvihitaji vitu hivyo hajaibiwa. Lakini mwenye skrini tayari, na ambaye hatoki nyumbani na mashine, amelipia mkoba asiobeba.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili, kwani mpakato una hoja mbili nzito katika nchi yetu, na zote ni za umeme.

Ya kwanza ni Luku. Tuseme kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake inakula wati 120, na mpakato wati 45, kwa saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Ya mezani itamaliza takriban uniti 25, mpakato uniti 9 na ushei. Kwa bei ya karibu sh. 356/- kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ambayo wateja wengi wa nyumbani wameizoea, hiyo ni kama sh. 8,900/- dhidi ya sh. 3,300/-. Mwenye kompyuta ya mezani atalipa zaidi kwa sh. 5,600/- hivi kila mwezi, yaani karibu sh. 67,000/- kwa mwaka. Ni fedha, na lazima iingie kwenye daftari. Hata hivyo, katika miaka miwili haifiki hata robo ya hasara tuliyopata sisi kwenye mpakato wetu.

Hoja ya pili ni kukatika kwa umeme. Hakuna aliyesahau mgawo wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Katika miezi ile mwenye mpakato aliendelea na kazi huku jirani mwenye sipiyu akitazama ukuta. Tangu hapo bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeanza kuzalisha. Mtambo wake wa kwanza uliingizwa kwenye gridi Februari 2024. Lakini umeme wa kutosha kwenye gridi hauzuii nguzo kuanguka wala transfoma ya mtaa kuungua. Kwa hiyo sipiyu bila UPS ni kamari. UPS ndogo haitakupa saa tatu za kazi. Itakupa dakika chache za kuhifadhi wimbo na kuzima mashine kwa utaratibu. Anayeishi mahali ambapo umeme hukatika kwa saa nyingi mara kwa mara, naye hana sola wala jenereta, anunue mpakato, na hapo hatubishani naye.

Akumbuke tu kuwa betri nayo ni bidhaa inayokwisha. Betri nyingi hutengenezwa zidumu kati ya mizunguko 300 na 1,000 ya kuchajiwa kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80 hivi. Mpakato uliokwisha tumika miaka minne ofisini mara nyingi huja na betri iliyochoka, na bei ya betri mpya haimo kwenye bei ya dukani.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Chukua kijana mwenye sh. 1,500,000/-. Akiiweka yote kwenye mpakato, atarudi nyumbani na kitu kimoja kizuri, kisha atarekodi kwa maikrofoni ya simu, kwa kuwa fedha imekwisha. Akiigawa, anaweza kupanga hivi: sipiyu iliyotumika yenye RAM ya GB 16 na diski ya SSD, sh. 600,000/-, skrini, sh. 150,000/-, UPS, sh. 180,000/-, kadi ya sauti ya nje, sh. 350,000/-, maikrofoni na hedifoni za kuanzia, sh. 220,000/-. Tarakimu hizi ni za mfano, na bei hubadilika kwa duka na kwa siku. Cha kuzingatia ni mgawanyo. Kwa mgawanyo wa pili anayo studio ndogo inayoweza kumpokea mteja wiki ileile. Kwa ule wa kwanza anayo kompyuta tu.

Aidha, mali hiyo ya pili haizeeki kwa pamoja. Sipiyu ikipitwa na wakati baada ya miaka minne, atabadili sipiyu peke yake. Maikrofoni, skrini na kadi ya sauti vitabaki. Pawa saplai ikiungua, fundi wa mtaani ataitoa na kuweka nyingine siku hiyohiyo. Vumbi likijaa, litapulizwa. Na mlio wa feni ukiwa kero, boksi lenyewe linaweza kusogezwa mbali na maikrofoni kwa waya mrefu kidogo, jambo ambalo mwenye mpakato hawezi, kwa kuwa feni yake iko chini ya vidole vyake.

Nani basi anunue mpakato? Mwanafunzi wa chuo anayehama bweni, DJ, mpiga kinanda anayetumia programu jukwaani, na produsa anayewafuata wasanii kwao. Kwa hao kubeba ni sehemu ya kazi, na gharama yake hurudi. Wachague wenye nafasi ya kuongeza RAM, au walipie ya kutosha tangu siku ya kwanza.

Kwa atakayekwenda dukani wiki hii, tunashauri asitoe fedha kabla ya kuuliza mambo matatu. La kwanza, namba kamili ya prosesa, si "i5" au "i7" peke yake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi, kwa upande wa Intel, inataka kwa kawaida kizazi cha nane na kuendelea. Mashine za kizazi cha nne hadi cha saba zitakuwa rahisi, na sababu ya urahisi huo ni hiyo. La pili, boksi lifunguliwe mbele yako, uone nafasi za RAM na za diski. La tatu, jihadhari na zile sipiyu ndogo kama kitabu: nyingi zina prosesa za kubana umeme, na nafasi ndani ni finyu. Boksi kubwa lisilopendeza ndilo lenye nafasi.

Tunajua mpakato utaendelea kukaa mbele ya duka. Unapendeza, na kijana akiutoa kwenye begi mbele ya wenzake huonekana mtu wa kazi. Lakini fedha nyingi zinazoingia katika ununuzi huu si za mishahara minono. Ni fedha za mchezo wa kina mama, za mkopo wa kikundi, au za mbuzi aliyeuzwa kijijini, na anayezitoa anatarajia zirudi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi daftari lifunguliwe nyumbani, kalamu iwe mkononi, kabla ya kupanda daladala kwenda Kariakoo.