Kilabu cha mbege kisitegemee Desemba

Kila Desemba barabara za kupanda Rombo, Marangu na Kibosho hujaa magari kutoka Dar es Salaam na Arusha. Vilabu vya mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hufurika, mapipa hukauka kabla ya jua kuzama. Ikifika Februari, ada za shule zimeshakomba mifuko, wazee wanne wako kwenye benchi na pipa halijafika nusu. Mwenye kilabu anayepiga hesabu zake kwa wiki mbili za Krismasi atafunga kabla ya Pasaka.

Wateja wamekwenda wapi, kila mtu anajua. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Kilimanjaro na watu 1,640,087. Ile ya 2022 ikakuta 1,861,934. Ni nyongeza ya asilimia 13 na ushee, wakati taifa zima liliongezeka kwa zaidi ya asilimia 37. Kahawa imeyumba tangu mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo uvunjike mwaka 1989, na vihamba, mashamba ya urithi, vimegawanywa hadi mtoto wa tatu hana pa kupanda mgomba. Vijana wameshuka mjini.

Lisilosemwa sana ni tatizo la pipa lenyewe. Bia hukaa kwenye kreti hadi mnywaji atokee. Mbege haimngoji mtu. Ndizi mbivu huchemshwa, huachwa zichachuke kwa siku kadhaa, huchujwa, kisha hutiwa uji wa ulezi uliooteshwa. Kesho yake imenoga, keshokutwa imekuwa kali, na baada ya hapo ni ya kumwaga. Mama anayepika pipa zima kwa wateja kumi anamwaga mtaji wake, ulezi wa kununua na kuni za kununua.

Kwa hiyo akina mama wapikao katika kitongoji kimoja waache kushindana. Wapike kwa zamu, leo huyu kesho yule, na wapike kidogo. Kilabu nacho kiuze zaidi ya pombe: mtori asubuhi, chai, vocha, huduma ya pesa kwa simu. Asiyekunywa awe na sababu ya kukaa. Hata Kwaresima, Wakatoliki wengi wanapoweka kata chini, ingepita bila mwenye kilabu kulala njaa. Na halmashauri isikitoze kilabu cha mapipa mawili kwa wiki kwa kipimo cha baa ya Njiapanda ya Himo.

Wapo wanaosema vilabu na vife, pombe imetumaliza. Tunawasikia, na wanaume waliolala mtaroni saa nne asubuhi tumewaona. Lakini kilabu kikifungwa, mnywaji hakimbilii kanisani. Anakwenda nyuma ya migomba kwa muuza gongo, ambako hakuna saa ya kufunga. Viroba vya plastiki vya pombe kali vilipigwa marufuku Machi 2017, kiu haikupigwa marufuku. Kilabuni mtendaji wa kijiji hupita, wazee humkemea aliyezidisha, na mke anajua pa kumtafuta mumewe. Hilo si dogo katika kijiji ambacho nyumba nyingi zina kufuli kuanzia Januari.

Soko la mwaka mzima lipo, ila tunalipita. Mchaga huzikwa kwao. Hakuna mwezi usio na msiba, na harusi nyingi bado hurudi nyumbani. Shughuli hizo huja na kreti zilizonunuliwa Moshi mjini, huku mama wa kilabu akiwatazama wageni wakipita mlangoni pake.

Tunaowaomba ni nyinyi mliohama. Mkija kuzika au kuoza, agizeni mbege kwa mpishi wa pale pale kijijini, mpeni taarifa mapema, kwa harusi wiki nzima kabla, na mlipe nusu siku ya kuagiza, kwa sababu muuza ulezi hamkopeshi.