Mheshimiwa, Ulipiga Kura Gani?

Huku ufukweni mwa Ziwa Albert, swali moja linatosha kumrudisha mbunge Kinshasa au kumbakisha nyumbani: "Huyu ametuletea nini?" Linaulizwa Tchomia, linaulizwa Kasenyi, linapanda mlima hadi Bunia, na majibu yake yanafanana kila mahali. Mabati ya kanisa. Bashi za kuwafunika waliokimbia vita. Jezi za timu ya vijana. Bahasha siku ya matanga. Aliyeleta vingi huitwa mtu wa watu. Aliyekuja hivihivi hukumbushwa kwamba mkono mtupu haulambwi, na hesabu yake inafungwa hapo.

Hesabu hiyo ni ya uongo, na hakuna inayemfaa zaidi kuliko mbunge mbaya.

Tuanze na kazi yenyewe. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 haikumtuma mbunge wa taifa kugawa sabuni wala kujenga daraja. Ilimpa kazi mbili: kupiga kura juu ya sheria, bajeti ya nchi ikiwemo, na kuisimamia serikali. Kwa hiyo kazi ya pili, kifungu cha 138 kimemtajia vifaa kimoja kimoja: maswali ya mdomo na ya maandishi, kumwita waziri ajieleze mbele ya Bunge, tume ya uchunguzi, kuwahoji viongozi ndani ya kamati. Mfuko wa kuendeleza jimbo haumo. Wakenya waliuanzisha 2003, wakauwekea sheria yake na wakaguzi wake, sisi hatuna. Basi bati linaloshushwa Tchomia likiwa na jina la mheshimiwa limetoka mfukoni mwake, au mfukoni mwa mtu atakayekuja siku moja kudai chake. Na mbunge anayedaiwa ana kitu kimoja tu cha thamani cha kulipia: kura yake.

Najua jibu linalonisubiri. Kura ni mambo ya Kinshasa, hayatufikii. Sisi huku tunataka kitu cha kushika. Haya, nichukue kura moja tuone kama haikutufikia.

Tarehe 3 Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi alitangaza état de siège, yaani utawala wa kijeshi wa dharura, katika mikoa ya Ituri na Kivu ya Kaskazini, nayo ikaanza tarehe 6. Gavana wa kiraia akaondoka, akaja Luteni Jenerali Johnny Luboya. Teritwari na miji ikapewa maofisa wa jeshi na polisi. Bunge la mkoa likasimamishwa. Kesi za jinai za raia zikapelekwa mahakama za kijeshi, hata muuza samaki anayetuhumiwa kumwibia jirani yake akajikuta mbele ya hakimu aliyevaa kombati. Hapa Tchomia hapakuwa na nyumba ambayo uamuzi huo haukuigusa.

Kifungu cha 144 kinasema hali hiyo ina siku 30 tu. Ikihitajika kuendelea, Bunge la Taifa na Seneti waiongezee siku 15, kisha 15 nyingine, na wakitaka wanaweza kuikomesha kwa sheria siku yoyote. Siku 15 kila mara maana yake ni takriban mara 24 kwa mwaka. Kuanzia Juni 2021 hadi uchaguzi wa Desemba 2023 muda huo uliongezwa karibu mara 60. Katikati ya mara hizo, usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu zaidi ya 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, hapahapa katika teritwari yetu ya Djugu. Juni 2023 kambi ya Lala ikalia watu zaidi ya 40. Muda ukaendelea kuongezwa.

Si nyongeza zote zilizopita ukumbini, na hapo ndipo jambo linapouma zaidi. Kabla ya kwenda likizo, Bunge lilikuwa likipitisha sheria ya kuiruhusu serikali iongeze muda huo yenyewe wakati wabunge hawapo. Kwa hiyo wakati mheshimiwa yuko kwetu anapiga picha na mama aliyepokea bashi, utawala wa kijeshi unaongezwa Kinshasa kwa ruhusa iliyotolewa na chumba chake kabla hajapanda ndege. Sisi tunampigia vigelegele kwa ile bashi. Ile ruhusa hakuna anayeiuliza.

Sisemi kwamba kila aliyepiga kura ya ndiyo alitusaliti. Mbunge anaweza kuamini kwamba jeshi lilihitaji muda zaidi, akasimama mbele yetu na kulitetea hilo. Mwingine anaweza kupinga, na wapo wabunge wa Ituri na Kivu ya Kaskazini waliosusia vikao vya kura hiyo. Yote mawili ni misimamo ya watu wazima. Ninachokataa ni cha tatu: mbunge anayepita katika miaka hiyo yote bila mpiga kura wake hata mmoja kujua alisimama upande gani, halafu anarudi kuomba kura akiwa na lori la mabati.

Utetezi wa pili huwa huu: kura moja kati ya 500 ina uzito gani? Waulize waliokuwa wakitawala Bunge hilo mwaka 2020. Muungano wa Joseph Kabila ulikuwa na wingi mkubwa wa viti, na spika alikuwa wao, Jeanine Mabunda. Tarehe 10 Desemba aliondolewa kwa kura 281 dhidi ya 200. Wabunge waliohama kambi hawakuwa jeshi, walikuwa mtu mmoja na mwingine na mwingine, na mwezi uliofuata serikali nzima ya Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga ikaanguka. Utawala wa nchi ulibadilika kwa kura zile ambazo sisi huku tunaambiwa ni tone baharini. Wenyewe huko Kinshasa wanajua bei ya kura hizo vizuri sana.

Wa tatu atasema hatuna namna ya kujua nani alipiga kura gani. Kwa kura ya Mabunda ni kweli, kwa sababu kura inayohusu mtu hupigwa kwa siri. Lakini kifungu cha 120 cha Katiba kinataka sheria nzima ipigiwe kura kwa kuita majina, mmoja mmoja, kwa sauti. Siri haimo. Kilichopo ni uvivu wa kutangaza: tunasikia jumla, majina hatuyasikii. Tayari kuna Wakongo wanaofuatilia. Talatala, mradi wa taasisi ya Ebuteli, unahesabu kazi za wabunge, nani ameuliza nini na serikali imejibu nini. Redio zetu za Bunia zingeweza kusoma majina ya wabunge wa Ituri na kura zao kama zinavyosoma matangazo ya vifo. Tatizo ni kwamba hatujawahi kuwaomba.

Majirani wameshaonyesha nguvu ya orodha. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Kenya lilipitisha muswada wa fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na vijana walikuwa na majina kwenye simu: huyu ndiyo, huyu hapana. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kuutia saini. Watu walikufa barabarani siku zile na sehemu ya Bunge ikachomwa, na mimi siombei Bunia moto wa namna hiyo; Ituri imeshaungua vya kutosha. Naomba orodha tu.

Na kwetu Djugu orodha ina faida ambayo Nairobi hawaihitaji kama sisi. Tukimpima mbunge kwa alichogawa, lazima tuulize aliwagawia akina nani, na hapo tumesharudi kwenye kabila: amewapa Wahema, amewanyima Walendu, au kinyume chake. Kura aliyopiga Kinshasa haigawanyiki hivyo. Mvuvi wa Tchomia na mkulima wa Rethy wamewekwa chini ya sheria ileile, kwa ndiyo ileile.

Kuna wanaonijibu kwa njaa, na hao nawaheshimu kuliko wote. Mtu anayelala mvuani hawezi kungojea kifungu cha 138. Apokee bashi, na aliyempa ashukuriwe. Lakini shukrani isigeuke kuwa cheti cha kazi. Mvuvi uliyempa nyavu na mtumbwi, akirudi na samaki aliowanunua sokoni, utakula, ila usiseme amevua.

Tena yapo mambo ya ziwa hili ambayo hakuna zawadi inayoyafikia. Mwaka 2007 Kongo na Uganda zilikaribia kupigana kwa ajili ya kisiwa cha Rukwanzi, mpaka marais Kabila na Museveni wakakutana Ngurdoto, Arusha, mwezi wa Septemba. Ng'ambo yetu Uganda na makampuni ya mafuta wamechimba visima vya mafuta vya Kingfisher ukingoni mwa maji haya tunayovua. Mkataba unaogusa mpaka au fedha za taifa hauna nguvu mpaka Bunge liupitishe kwa sheria. Wanajeshi wa Uganda waliingia Kongo tarehe 30 Novemba 2021, wakafika Bunia Februari 2025. Mbunge wako alimwuliza waziri wa ulinzi swali gani, na waziri alijibu nini? Kama hujui, basi hujui kama una mbunge.

Hata anayeketi kile kiti huenda humjui. Akiteuliwa kuwa waziri, kiti kinakwenda kwa suppléant, yaani mbadala wake, na katika nchi hii suppléant mara nyingi ni mke, mtoto au mdogo wake. Picha uliyoipigia kura iko serikalini. Kura yako inapigwa na mtu ambaye hajawahi kushuka Tchomia.

Vikao vya kawaida vinafungwa tarehe 15 Juni na 15 Desemba. Baada ya hapo waheshimiwa hurudi mashinani, na desturi yetu ni kuwapokea kwa ngoma, hotuba na ugawaji. Ngoma zipigwe. Hotuba ikiisha, mzee wa mtaa au mama wa sokoni asimame aulize: Sheria zipi zimepigiwa kura tangu ulipoondoka, na wewe ulisema nini jina lako lilipoitwa? Ni waziri gani uliyemwuliza swali, kwa maandishi au kwa mdomo, na jibu liko wapi? Siku ambazo hukuwepo ukumbini, ulikuwa wapi?

Atakayejibu vizuri, hata akija bila kilo moja ya chumvi, huyo ndiye mbunge. Atakayeshindwa na kuonyesha lori, mabati tuyapokee, tuezekee kanisa, na mwaka 2028 tumpe kura mwingine.